Mbele ya kukata chuma cha pikipiki ya koperative, tuhesabu kwanza



Kawaida mimi naandika hapa juu ya mihogo, juu ya ugonjwa wa migomba, ao juu ya kukausha kakao. Leo naomba ruhusa nitoke kidogo shambani niingie kwenye garaji. Si kwamba nimekuwa fundi. Ni juu katika mkutano wa koperative moja ya upande wa Irumu tulikaa saa mbili nzima tukibishana juu ya jambo moja tu: pikipiki ya koperative tuipeleke kwa fundi airefushe nyuma na aisudere portbagaji kubwa, ao tuiache sawa vile ilitoka kiwandani?

Vijana walisema: turefushe, tubebe magunia mengi. Mzee mmoja akasema: mukikata ile chuma, siku ya kuuza mutalia. Kijana akamjibu: "Mzee, sisi hatukuinunua ya kuuza, tuliinunua ya kutumika." Watu wakacheka, wakapiga mikono, na mkutano ukaisha bila jibu. Mimi nilirudi Bunia na ile maneno kichwani, juu wote wawili walikuwa na haki kidogo. Nataka niseme mawazo yangu wazi, na muko huru kunikatalia.

Kwanza tukubali kitu kimoja. Hapa kwetu karibu hakuna chombo kinachobaki vile kilivyotoka kiwandani. Pikipiki inaongezewa portbagaji, resori za nyuma, na reyoni nene kwenye magurudumu. Fuso inaongezewa lame za resori, na mbao za pembeni zinapandishwa juu ili ibebe makabichi ya Djugu. Magari ya occasion kutoka Japani, yanayopita Kampala na kuingia kwa mpaka wa Mahagi ao wa Aru, yanafika na volan kuume, na wengine wanaihamisha kushoto. Hata ndugu zetu wa Goma na chukudu yao ya mbao wanatuonyesha kwamba mtu wa kazi anatengeneza chombo kulingana na mzigo na njia yake. Kwa hiyo sisemi kama kubadilisha ni dhambi. Barabara yetu si ile mhandisi wa kiwandani alikuwa nayo kichwani.

Lakini chukudu ilitengenezwa tangu mwanzo juu ya mzigo. Pikipiki yetu ilitengenezwa juu ya kitu kingine, kisha sisi tunailazimisha. Hapo ndipo shida inaanza.

Wakulima wa zamani katika mafunzo yetu wanakumbuka mfano wa pipa. Katika karne ya 19 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Justus von Liebig, alitangaza sheria hii: mmea haukui kulingana na chakula ulicho nacho kingi, unakua kulingana na kile kinachopunguka kupita vingine. Ukiweka azote nyingi na potasi haiko, mavuno yanabaki kwa kipimo cha potasi. Watu wanaichora kama pipa la mbao lenye ubao mmoja mfupi. Hata ukirefusha mbao zingine zote, maji yatamwangika kwa ule mfupi.

Chombo cha kubeba mzigo kinafuata sheria ileile. Ukiongeza lame za resori kwenye gari, gari haishuki tena nyuma, na macho yanasema: sasa iko na nguvu. Ni resori tu iliyopata nguvu. Freni ni zile za zamani. Pine ni zile za zamani. Ekseli na rulima zake ni zile za zamani. Umerefusha ubao mmoja, na maji yatatafuta ubao mfupi. Kwa gari, ule ubao mfupi mara nyingi ni freni, na hauutambui mpaka siku ya mteremko.

Na mteremko tuko nao. Bunia iko zaidi ya metre 1 200 juu ya bahari. Ziwa Albert liko karibu metre 620. Anayepita Bogoro kwenda Kasenyi anashuka ule ukuta wote kwa kilometa chache. Kule chini hakuna anayeuliza kama resori zako ni nzuri. Freni inapaswa kumeza uzito wote, na ukizidisha uzito wote wa gari pamoja na mzigo mara mbili, joto ambalo freni inapaswa kumeza nalo linazidi mara mbili. Freni haijui kama umekwisha kuongeza lame.

Sasa tuangalie pikipiki, juu ndiyo koperative nyingi ziko nayo. Kwa pikipiki nyingi za cc 125 mpaka 150, kitabu cha kiwandani kinatoa mzigo wa mwisho wa karibu kilo 150, pamoja na motari mwenyewe. Motari wa kilo 65 na magunia mawili ya mahindi ya kilo 100 kila moja, hiyo ni kilo 265. Hatuhitaji fundi kwa kujua kama tumepita.

Pia fasi ya mzigo inahesabika kama uzito wenyewe. Tuseme kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuko sentimetre 130, na gunia la kilo 50 limekaa sentimetre 39 nyuma ya ekseli ya nyuma. Lile gunia linafanya kazi ya mwichi: linaongeza kilo 65 kwa gurudumu la nyuma, na linaondoa kilo 15 kwa la mbele. Ndiyo maana pikipiki iliyobeba sana nyuma inacheza mbele, na kwa mlima inataka kuruka kama mbuzi. Kwa hiyo kurefusha mikono ya gurudumu la nyuma si ujinga. Fundi anapeleka gurudumu chini ya mzigo, na pikipiki inatulia. Yule kijana wa mkutano hakukosea kwa hiyo.

Fasi anayokosea ni kwa chuma. Tuyo za pikipiki ni nyembamba, zilipimwa na kusuderwa kiwandani na mashine. Ukikata na kusudere kando ya barabara, joto linabadilisha chuma pembeni ya sudere, na mara nyingi chuma kinapasuka pale pembeni, wala si kwenye sudere yenyewe. Ufa unaanza kama unywele, unajificha chini ya matope na rangi, unakua kila shimo la barabara. Kisha kama ule mkono umekaa upande milimetre chache tu, sheni haiendi tena sawa, inakula meno ya pinyo na ya kurone, na pine inaliwa upande mmoja.

Nayajua haya juu yalinipata. Nilipotoka tu Institut ya agronomi nilinunua pikipiki ya occasion. Nilikuwa na mbegu za kugawa, nilikuwa na haraka, na nilitaka kuonyesha watu kama naweza kazi. Fundi mmoja akairefusha nyuma na kusudere portbagaji. Miezi ya kwanza nilijisifu. Siku moja, nikishuka na magunia mawili ya mbegu za maharagi, nikasikia mlio, kisha gurudumu likaegama. Sikuanguka vibaya, Mungu alisaidia. Lakini nililala njiani, mvua ikanyesha, na gunia moja likaota mbele ya kufika kwa wakulima. Walikuwa wamekwisha kulima, wakanigojea. Msimu haumngojei fundi. Ile aibu nabeba mpaka leo kuliko maumivu ya goti.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza kama kubadilisha chombo kunapunguza uaminifu wake, ninamuuliza pia: "Kikikufia njiani, utakuwa wapi, saa ngapi, na una nini mgongoni?" Kabichi haingoji siku mbili. Samaki wa Tchomia hawangoji hata siku moja. Kakao iliyolowa inaoza, na mnunuzi atakata bei ya lote. Na munajua kama sisi kuna njia zetu ambazo mtu hapaswi kukutwa na giza. Kwetu, chombo kinachosimama njiani kinaweza kuleta msiba.

Sasa tuje kwa kuuza, kwa ile neno ya mzee.

Niliporudisha ile pikipiki yangu na kutaka kuiuza, mnunuzi hakuangalia kwanza motere. Aliinama chini ya kiti, akapitisha kidole kwenye sudere. Akakwangua rangi kidogo na ukucha. Akaenda mbele, karibu na shingo ya gido, akasoma namba ya shasi na kuilinganisha na carte rose. Kisha akaniambia polepole: "Agronomi, hii ilibeba mingi." Hakuuliza swali. Ile sudere ilikuwa imekwisha kumjibu.

Ndiyo siri ya bei ya occasion. Mnunuzi hakatai chuma chako. Anakataa maisha ambayo kile chuma kinatolea ushuhuda. Portbagaji kubwa ya kusuderwa inamwambia kwamba motere ilivuta mzigo mkubwa, embreyaje ilichoka, rulima ziliteseka. Hata kama wewe ulibeba mapamba tu, hatakuamini. Na hesabu yake iko sawa, juu yeye haoni ndani ya motere, anaona tu alama za inje.

Kuna wanaosema: lakini kuna watu wanatafuta chombo kilichokwisha kutayarishwa, wanakinunua mbio. Ni kweli, mchuuzi wa makala ao wa mbao anaweza kupenda Fuso yenye lame za kuongezwa. Lakini angalia vizuri: anainunua mbio, hainunui bei. Ile pesa uliyotia kwa fundi harudishi. Anakulipa juu ya motere, pine na karatasi.

Karatasi nazo ni jambo. Ukibadilisha motere na namba mpya haiandikwi, carte rose inasema kitu kimoja na chuma kinasema kingine. Kwa kila bariere utaeleza, na kila kueleza kuna bei yake. Siku ya kuuza, mnunuzi mwenye akili atakimbia, juu hajui kama ananunua motere ya halali ao ya wizi. Ukisudere ao ukisaga karibu na namba ya shasi mpaka isomeke vibaya, umechoma carte rose kwa mkono wako.

Kwa magari yenye volan iliyohamishwa, naomba uangalifu zaidi. Sisi tunapita kuume, Uganda na Kenya wanapita kushoto. Kwa hiyo mtu ana sababu ya kutaka volan kushoto, kwa kuona mbele wakati wa kupita lori. Lakini kule kuhama kunagusa chumba cha volan, pedali, tuyo za freni, na chuma kati ya motere na chofere. Hiyo ndiyo mifupa ya gari. Tena wengi wanasahau taa: gari lililojengwa kwa kupita kushoto linarusha mwangaza wa chini upande wa kushoto, na kwetu pale ndipo anatokea mwenye kuja mbele. Volan imehama, taa hazikuhama, na usiku unampofusha mwenzako. Kama koperative inanunua gari, mimi naona afadhali kutafuta lililojengwa na volan kushoto tangu kiwandani, hata likiwa la bei zaidi, kuliko kununua lililopasuliwa.

Sasa tupige hesabu, juu maneno bila hesabu ni upepo. Hii ni mfano tu, kila koperative itie namba zake. Tuseme kurefusha na kusudere kunaomba dola 60. Pikipiki inabeba gunia moja la kilo 50 zaidi kila safari, na lile gunia linaingiza dola 3. Safari mbili kwa juma, majuma 40 kwa mwaka, ni safari 80, ni dola 240. Kwa miaka miwili ni dola 480. Mukiona hapo tu, mutamwita fundi leo jioni.

Endeleeni kidogo. Pine, sheni, kurone na freni vinakwisha mbio: tuseme dola 70 zaidi kila mwaka, ni 140. Kazi ya fundi 60. Siku ya kuuza, ile ambayo ingeleta dola 500 inaleta 300: tumepoteza 200. Jumla 400. Kwa 480 tunabaki na dola 80 kwa miaka miwili. Hiyo ni kama hakuna siku hata moja chuma kilikatika. Ikikatika mara moja na magunia ya kakao juu yake, zile 80 zimekwenda, na zingine zimezifuata.

Lakini angalieni kitu ambacho hesabu hii inaficha. Zile dola 240 za mwaka nani anazishika? Mara nyingi motari analipwa kwa gunia, basi yeye anapata faida yake kila safari, na mwenye magunia anafurahi juu mzigo wake umefika siku moja. Na zile 200 za kuuza nani anazipoteza? Ni sisi wote, pamoja na yule mama mwenye ari mbili za maharagi ambaye hakubebewa hata gunia moja, lakini alitoa sehemu yake ya kununua ile pikipiki. Faida inaingia kwa mifuko ya watu wachache leo, hasara inatoka kwa mfuko wa wote kesho. Hapo ndipo mimi nasimama upande wa mzee.

Na kwa kijana aliyesema hatukununua ya kuuza, namjibu kwa heshima: ndugu yangu, kila chombo cha koperative kitauzwa siku moja, ao kitatupwa. Ile pesa ya kuuza ndiyo mbegu ya chombo kinachofuata. Mkulima anayekula mbegu yote anashiba mwaka mmoja.

Basi tufanye nini? Mimi napendekeza sheria ndogo ambayo hata mtoto anaweza kukumbuka: kinachofunguliwa na funguo, sawa, kinachokatwa na mashine, kwanza mkutano.

Portbagaji inayofungwa na buloni kwenye matundu ya kiwandani, sawa. Pine zenye meno mazuri, lakini za kipimo kilekile, sawa. Reyoni nene, sawa. Kurone yenye meno zaidi kwa milima, sawa, lakini mujue kwamba mukitoka kwenye meno 42 kwenda 45, pinyo ya mbele ikibaki 14, nguvu ya kuvuta inapanda karibu asilimia 7, na motere inazunguka vilevile asilimia 7 zaidi kwa kila kilometa. Kila kitu kilichotolewa kiwekwe kwenye gunia na kuandikwa jina: kurone ya kwanza, resori za kwanza, vioo. Siku ya kuuza munarudisha, na mnunuzi anaona chombo kama kilivyozaliwa.

Kutoa filtre ya hewa ili motere "ipumue", hapana kabisa. Wakati wa jua, kuanzia Desemba mpaka Februari, vumbi yetu ni mchanga unaosaga segma na silinda. Muisafishe mara nyingi, musiitoe.

Kukata mikono ya nyuma, kusudere shasi, kubadilisha motere, kuhamisha volan: haya si ya motari kuamua, wala si ya prezida peke yake. Akti ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, nchi yetu iko chini yake tangu ilipoingia OHADA mwaka 2012. Ndani yake mkutano mkuu wa wanamemba ndio juu, na kuna watu wa kusimamia na watu wa kuchunguza. Chombo ni mali ya wote, kwa hiyo kukipasua kuamuliwe na wote, na hesabu kama ile ya juu ikiwa imeandikwa kwenye ubao mbele ya macho yao. Mkutano ukikubali, mimi sina neno. Watakuwa wamekubali wakijua.

Tena kuwe kaye moja ya chombo: tarehe ya kubadilisha mafuta, kilometa, nani alitengeneza nini, kwa bei gani. Kaye ile ni ya bei rahisi kuliko sudere, na siku ya kuuza inasema zaidi kuliko mdomo wangu. Ushuhuda mbaya wa chuma unaweza kupunguzwa na ushuhuda mzuri wa karatasi.

Na kama mzigo umekuwa mwingi kweli, ile ni habari njema, maana yake mashamba yamezaa. Wakati ule tuulize swali lingine: kwa nini safari mbili hazitoshi? Je, koperative mbili jirani haziwezi kukodi gari moja siku ya soko? Tripota, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku nyuma, ilijengwa tangu kiwandani juu ya mzigo. Fasi njia ni ya sawa, tuipime. Mara nyingi tunakata chuma juu tunaogopa kuketi na jirani.

Yule mzee wa Irumu, mkutano ulipoisha, alinishika mkono akaniuliza: "Agronomi, wewe ungefanya nini?" Siku ile nilimezea, juu vijana walikuwa wananitazama. Leo namjibu: Mzee, ningefunga portbagaji na buloni, ningebeba gunia moja kidogo, na ningefika mbele ya giza.